Komla Dumor (1972-2014): Sauti, Lafudhi na Mamlaka ya Mtangazaji wa Kiafrika

0. Utangulizi

Katika isimujamii tumezoea kuchunguza lugha ya sokoni, ya shuleni, ya kanisani na ya mtaani. Lugha ya mtangazaji wa televisheni hatuishughulikii sana, ingawa ndiyo inayoingia kila jioni katika nyumba za watu bila kubisha hodi. Mtangazaji hana askari wala hana cheo cha serikali. Chombo chake ni sauti, na siku hizi uso wake pia. Hata hivyo watu humsadiki au humkataa kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza, kwa sababu sikio hutangulia kuuliza: huyu ni nani, ametoka wapi, na kwa nini anasema namna hii?

Makala haya yanahusu maisha na kazi ya Komla Dumor, mwandishi wa habari na mtangazaji wa televisheni kutoka Ghana, aliyefariki mjini London tarehe 18 Januari 2014 akiwa na umri wa miaka 41. Nia yetu si kumwandikia utenzi wa sifa. Sifa hizo alizipata kwa wingi wakati wa msiba wake. Tunataka kuonyesha jambo moja. Dumor alithibitisha kwamba Mwafrika anaweza kubeba mamlaka ya habari za ulimwengu kwa lafudhi yake mwenyewe, bila kuazima ya mwingine. Lakini mamlaka hayo aliyapata katika kituo cha London na katika lugha ya Kiingereza. Kwa hiyo kazi yake inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: umbali uliokwisha kwendwa, na umbali uliobaki. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika Kongo tunayo sababu ya kuyapima yote mawili.

1. Mtoto wa Jumanne

Komla Afeke Dumor alizaliwa mjini Accra tarehe 3 Oktoba 1972. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na jina lake linatuambia hivyo. Kwa desturi ya Waewe, kama ilivyo kwa jirani zao Waakan, mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa. Mtoto wa kiume wa Jumanne huitwa Komla kwa Kiewe, na Kwabena kwa Kiakan. Waswahili hawatashangaa, kwani nao wana akina Juma na Khamisi. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu baadaye jina hilo lilitamkwa mbele ya watazamaji wa mabara yote, nalo halikufupishwa wala kubadilishwa ili liwe rahisi katika kinywa cha mgeni.

Alizaliwa katika nyumba ya wasomi. Baba yake, Ernest Dumor, alikuwa profesa wa elimujamii. Babu yake, Philip Gbeho, alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya Achimota, naye ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957. Basi katika ukoo huo mambo ya sauti na mambo ya taifa yalikwisha kukutana kabla ya mjukuu kushika kipaza sauti.

Lakini nje ya nyumba hiyo, sauti ya taifa ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Redio ya nchi hiyo ilianza tarehe 31 Julai 1935, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa kituo kilichoitwa ZOY. Miaka thelathini baadaye, siku ile ile ya 31 Julai mwaka 1965, Kwame Nkrumah alizindua televisheni, akataka iwe chombo cha elimu na cha ujenzi wa nchi kabla ya kuwa chombo cha burudani. Haikupita hata miezi saba. Tarehe 24 Februari 1966 Kanali Kotoka alitangaza katika redio kwamba Nkrumah ameangushwa. Tangu siku hiyo kila aliyetaka kutawala Ghana kwa nguvu alijua njia ya kupita: kwanza kambi, halafu kituo cha redio. Mwaka ule ule wa kuzaliwa kwake Dumor, tarehe 13 Januari, Kanali Acheampong alimpindua Waziri Mkuu Busia. Mwaka 1978 Acheampong naye aliondolewa na wenzake. Tarehe 4 Juni 1979 ilikuwa zamu ya vijana wa jeshi wakiongozwa na Rawlings, naye Rawlings akarudi tena tarehe 31 Desemba 1981. Dumor alikuwa na miaka tisa tu, na nchi yake ilikwisha kubadilishiwa watawala kwa njia hiyo mara nne tangu mwaka aliozaliwa.

Kizazi hicho kilikua kikiijua redio kama sauti inayosema na kutojibiwa. Wasomaji wa Kongo waliokua wakati wa chama kimoja hawahitaji kuelezwa zaidi. Televisheni yetu, iliyoanza mwaka 1966, ilikuwa na mazoea ya kufungua habari za jioni kwa sura ya Rais akishuka kutoka mawinguni. Namna zilitofautiana, ila mzizi ulikuwa mmoja: mtangazaji alikuwa kinywa cha mtawala, na msikilizaji alikuwa sikio tu.

2. Redio inayojibiwa

Dumor hakuanza kwa nia ya kuwa mwandishi wa habari. Alikwenda kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Jos, nchini Nigeria, lakini hakuumaliza. Alirudi nyumbani, akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Ghana, huko Legon, kwa masomo ya elimujamii na saikolojia. Baadaye alisoma pia utawala wa umma katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa ngazi ya uzamili. Huenda miaka ile ya elimujamii ilimfaa zaidi kuliko shule ya utangazaji: ilimzoeza kumtazama mtu katika jamaa yake, katika kazi yake na katika mfuko wake.

Wakati huo huo mambo yalikuwa yakibadilika nchini mwake. Katiba ya 1992 iliandika waziwazi kwamba hakutakuwa na udhibiti wa habari, wala mtu hatalazimishwa kuomba leseni ili aanzishe chombo cha habari. Maandishi yalitangulia matendo. Mwishoni mwa mwaka 1994 kituo kimoja kilichoitwa Radio Eye kilianza kutangaza mjini Accra bila kungoja ruhusa ya serikali, nayo serikali ikakifunga. Zogo lililofuata lilifungua mlango, na mwaka 1995 Joy FM ikaanza kusikika mjini humo. Ukiritimba wa redio ya serikali, uliodumu miaka sitini tangu siku za ZOY, ukavunjika.

Katika kituo hicho ndipo Dumor alipoingia, na aliingia kwa mlango wa nyuma: alikuwa akitoa habari za asubuhi za msongamano wa magari katika barabara za Accra. Kazi hiyo yaweza kuonekana ndogo. Kwa mwanafunzi wa lugha si ndogo hata kidogo. Anayeeleza barabara hana hotuba ya kusoma. Anasema aliyoyaona sasa hivi, kwa watu walio ndani ya jambo lenyewe, na akikosea watamjua papo hapo. Ni shule ya usemi wa kweli. Kutoka hapo alipanda hadi kuongoza kipindi kikuu cha asubuhi cha kituo hicho, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 sauti yake ilikuwa miongoni mwa sauti zilizojulikana sana mjini.

Redio hii ya asubuhi ilileta jambo jipya: simu. Msikilizaji aliweza kupiga simu na kujibu. Waziri alikaa mbele ya kipaza sauti akaulizwa, kisha mwenye duka akaingia hewani akasema waziri hasemi kweli. Katika uchaguzi wa Desemba 2000, ambao uliipokonya serikali chama cha Rawlings na kumleta John Kufuor, redio za FM zilitangaza matokeo ya vituo vya kura jinsi yalivyokuwa yakitolewa, na hivyo zikawafanya wadanganyifu wawe na kazi ngumu. Mwaka 2001 Bunge la Ghana lilifuta sheria ya jinai ya kashfa, ambayo tangu enzi ya ukoloni iliweza kumtia mwandishi gerezani kwa sababu ya maneno. Mwaka 2003 chama cha waandishi wa habari wa Ghana kilimchagua Dumor kuwa mwandishi bora wa mwaka.

Tunalazimika kuzitazama tarehe hizi kwa pamoja. Kipaji chake kilikuwa chake, hakuna anayekikana. Lakini kipaji hicho kingezaliwa miaka ishirini mapema kingekuta mlango umefungwa, au kingetumiwa kusoma matangazo ya kanali. Mtangazaji huru hutokea pale sheria, ufundi na ujasiri wa watu wengi vinapokutana. Historia ya mtu mmoja katika kazi hii ni historia ya mlango ulivyofunguliwa na wengi, kisha mmoja akapita akaonekana.

3. Lafudhi kama cheo

Kabla ya kumfuata Dumor hadi London yatupasa kueleza alikwenda katika nyumba ya namna gani kwa upande wa lugha.

BBC ilianzishwa mwaka 1922. Mwaka 1926 iliunda kamati ya washauri kuhusu Kiingereza cha kusemwa hewani, ili watangazaji wake wayatamke maneno kwa namna moja. Kwa vitendo namna hiyo ilikuwa ya watu wa tabaka la juu la kusini mwa Uingereza. Waingereza wengi hawakuongea hivyo, ila walizoeshwa kuamini kwamba ukweli huongea hivyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, aliwekwa kusoma habari kwa lafudhi ya kaskazini, na wasikilizaji kadhaa walilalamika. Habari zilikuwa zile zile, lakini kwa masikio yao zilikuwa zimepungua uzito. Ikiwa Mwingereza wa kaskazini alitiliwa shaka nyumbani kwake mwenyewe, twaweza kukadiria Mwafrika angetazamwaje.

Kwa Afrika, BBC ilikuwa na mlango mwingine. Idhaa ya Kihausa na Idhaa ya Kiswahili zote zilianza mwaka 1957. Kwa Kiingereza palikuwa na vipindi maalumu vya bara, kama Focus on Africa katika redio tangu mwaka 1960, na Network Africa ya asubuhi. Humo Waafrika walisikika miaka mingi kabla ya Dumor: Hilton Fyle wa Sierra Leone, kwa mfano, au Elizabeth Ohene, Mghana aliyeikimbia nchi yake mwanzoni mwa utawala wa pili wa Rawlings. Basi si kweli kusema kwamba Dumor alikuwa Mwafrika wa kwanza katika kipaza sauti cha BBC. Tofauti ni nyingine. Waliotangulia walisema na Waafrika, kupitia redio, katika chumba kilichotengwa kwa mambo ya Afrika. Televisheni ya habari za ulimwengu ilikuwa chumba kingine. Walikuwapo humo watu wenye asili au malezi ya bara letu, kama Zeinab Badawi, mzaliwa wa Sudan, au George Alagiah, aliyezaliwa Sri Lanka na kupitisha utoto wake Ghana. Lakini hao walisomea Uingereza na Kiingereza chao kilikuwa cha Uingereza. Macho ya mtazamaji yaliona mtu wa mbali, ilhali sikio halikuona tofauti yoyote.

Upande wa Ghana nako palikuwa na mtihani wake. Redio za FM zilipozaliwa, vijana wengi waliopata kazi ya utangazaji walianza kuongea kana kwamba wametoka jana London au New York, hali hawajavuka mpaka. Waghana walikipa kitu hicho jina la mzaha, LAFA, maana yake lafudhi ya kigeni iliyopatikana nyumbani. Mzaha huo una uchungu ndani yake. Unasema kwamba hata baada ya mwanajeshi kuondoka katika kituo cha redio, palibaki mtawala mwingine aliyekaa kooni mwa mtangazaji. Nasi Kongo twawajua wa kwetu, ambao wakiwekewa kipaza sauti hubadilisha koo kwanza ndipo waseme, na Kifaransa chao cha hewani hakina mtaa wala kijiji.

4. Kutoka Accra hadi kioo cha ulimwengu

Dumor alijiunga na BBC mwaka 2007, baada ya miaka ipatayo kumi ya kazi nchini Ghana. Alianza katika redio, katika Network Africa, kisha akaingia katika The World Today, kipindi ambacho habari zake hazikuwa za Afrika peke yake. Mwaka 2009 alikuwa mtangazaji wa kwanza wa Africa Business Report, kipindi cha televisheni cha habari za biashara za bara letu. Pamoja na kipindi hicho alikaa katika dawati la habari za ulimwengu za BBC World News.

Hapa lafudhi inakutana na jambo la pili, nalo ni uteuzi wa habari. Mwezi Mei 2000 jarida la Uingereza liitwalo The Economist lilikuwa limechapa katika jalada lake kwamba Afrika ni bara lisilo na tumaini. Mwezi Desemba 2011 jarida lile lile lilichapa jalada lingine, likisema Afrika inainuka. Bara halikuwa limefufuka kwa muda wa miaka kumi na moja. Yaliyogeuka zaidi ni macho ya watazamaji. Africa Business Report ilifanya kazi katikati ya jalada hizo mbili. Kazi ya Dumor ilikuwa kusafiri na kuongea na wenye viwanda, wakulima, wafanya biashara, wenye kampuni za simu: watu ambao kamera za kigeni zilikuwa zikiwapita zikikimbilia kambi za wakimbizi. Hakukana vita wala njaa. Aliongeza tu wale waliokuwa wakikosekana katika picha, na kwa kuwaongeza alibadilisha maana ya picha nzima.

Jambo la tatu ni kwamba hakufungiwa katika mambo ya Afrika. Aliripoti Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010, lakini pia arusi ya mjukuu wa Malkia wa Uingereza mwaka 2011, mauaji ya Norway mwaka huo huo, na mazishi ya Kim Jong-il wa Korea ya Kaskazini. Tunaona hapa ndipo ulipo uzito wa kazi yake kwa mwanaisimu. Mwafrika akitangaza habari za Afrika, lafudhi yake huchukuliwa kama kitambulisho: anaruhusiwa kwa sababu anasema ya kwao. Mwafrika akieleza arusi ya kifalme ya Waingereza kwa Kiingereza cha Accra, lafudhi hiyo imeacha kuwa kibali, imekuwa sauti ya habari basi. Dumor alikuwa mtu mrefu, mpana wa mwili, mwenye sauti nzito na kicheko cha karibu, na hakuna lolote kati ya hayo alilolipunguza ili apate kukubaliwa.

Tarehe 18 Juni 2012 BBC ilizindua Focus on Africa katika televisheni, kipindi cha habari cha kila siku ya kazi, na Dumor akawa mtangazaji wake mkuu. Jina la kipindi cha redio lililosikika zaidi ya miaka hamsini likapata uso. Mwaka huo huo Idhaa ya Kiswahili nayo ilipata kipindi cha televisheni, Dira ya Dunia; tutarudi kwake. Mwaka 2013 jarida la New African lilimweka Dumor katika orodha yake ya Waafrika mia moja wenye ushawishi. Nelson Mandela alipofariki tarehe 5 Desemba 2013, Dumor alikuwa miongoni mwa waliowaletea watazamaji habari za maombolezo na mazishi kutoka Afrika Kusini. Katika siku hizo dunia nzima ilitaka kusikia Afrika ikimlilia mwanawe, na BBC ilikuwa na mtu aliyejua jinsi msiba unavyosemwa.

5. Kifo na urithi

Mwezi mmoja na siku chache baada ya hapo, tarehe 18 Januari 2014, moyo wake ulisimama nyumbani kwake London. Aliacha mke na watoto watatu. Watazamaji walikuwa wamemwona kazini muda mfupi kabla, na wengi hawakuweza kuamini. Rais wa Ghana, John Mahama, alikuwa miongoni mwa waliotuma salamu za rambirambi, akimtaja kama mmoja wa mabalozi bora wa nchi hiyo. Mwezi Februari mwili wake ulipumzishwa nchini mwake, baada ya mazishi yaliyohudhuriwa na wakuu wa nchi na umati wa watu wa kawaida wa Accra, wale waliomjua tangu siku za barabara na msongamano.

BBC ilianzisha tuzo kwa jina lake, kwa ajili ya waandishi wa habari wanaoishi na kufanya kazi Afrika. Wa kwanza kuipata, mwaka 2015, alikuwa Nancy Kacungira wa Uganda. Afrika Mashariki ilirudi kuipata mara kadhaa: Waihiga Mwaura wa Kenya mwaka 2018, Solomon Serwanjja wa Uganda mwaka 2019, Victoria Rubadiri wa Kenya mwaka 2020. Mwaura mwenyewe alikuja baadaye kukaa katika dawati la Focus on Africa. Kwa hiyo mlango aliopita mmoja haukufungwa nyuma yake. Hilo ni jambo la kuheshimiwa, kwani katika historia ya vyombo vya habari tumeona Waafrika wengi wa kwanza ambao hawakupata wa pili.

6. Kipimo

Sasa tupime. Katika kazi ya mtangazaji twaweza kutenga ngazi tatu: lafudhi, yaani sauti yenyewe, uteuzi, yaani habari gani zasemwa na nani anaulizwa, na lugha ambayo habari hizo zasemwa. Dumor alishinda katika ngazi ya kwanza waziwazi. Katika ngazi ya pili alipanua nafasi, ingawa katika nyumba ambayo neno la mwisho la uhariri halikuwa lake. Ngazi ya tatu hakuigusa, wala hakutumwa kuigusa. Kiewe, lugha iliyompa jina, hakikuwa na idhaa katika BBC. Pijini, ambayo husikika kila siku katika mitaa ya Accra na Lagos, ilipata huduma yake ya BBC mwaka 2017, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Wengine watasema kwamba ngazi hii ya tatu ni ndoto ya walimu wa lugha, na kwamba mtazamaji wa leo anataka habari, hajali zimekuja kwa lugha gani. Tunawajibu kwa mfano wa karibu. Waasi wa M23 walipoingia Goma tarehe 20 Novemba 2012, Focus on Africa ya televisheni ilikuwa na miezi mitano tu. Watu waliobeba magodoro na kukimbia katika barabara ya Sake walikuwa wakisema Kiswahili, pamoja na lugha zao za nyumbani. Mama aliyehojiwa barabarani ilimbidi apite katika kinywa cha mfasiri ili asikike katika habari za ulimwengu, na kila anayefasiri ajua ni nini huanguka njiani: methali, kejeli, heshima, na hasa ile namna ya kusema jambo kwa kulizunguka ambayo mwenye kuogopa huitumia. Mtangazaji mwenye lafudhi ya Kiafrika anaweza kulitamka jina la mama huyo vizuri, na hilo ni adabu kubwa. Lakini maneno ya mama yatakuwa yamekwisha kubadilishwa kabla hayajamfikia.

Kwa upande huu sisi wa Kiswahili hatukuanza mikono mitupu. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006, nayo televisheni ya taifa na Redio Okapi, iliyoanza Februari 2002, zimekuwa zikitoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne. Dira ya Dunia ya televisheni ilionyesha kwamba habari za ulimwengu zaweza kutolewa kwa Kiswahili bila kupungua hadhi. Hata hivyo swali la Dumor linaturudia kwa sura nyingine. Ni Kiswahili cha nani? Mtangazaji wa Lubumbashi au wa Bukavu, akiacha sauti ya Katanga au ya Kivu na kuiga ile ya Dar es Salaam au ya Nairobi, anafanya lile lile ambalo Waghana walilichekea kwa jina la LAFA. Kusema sanifu ni wajibu wa kazi; kujivua asili si sehemu ya wajibu huo. Sarufi yaweza kuwa moja, na bado msikilizaji akamtambua msemaji kwamba huyu ni wa kwetu. Dumor alikisema Kiingereza kwa usahihi ambao hakuna mwalimu angeukosoa, na hakuna aliyemsikiliza akadhani alizaliwa London.

7. Hitimisho

Maisha ya Komla Dumor yalikuwa mafupi, na kazi yake ya televisheni ilikuwa fupi zaidi: tangu Africa Business Report hadi kifo chake ni miaka mitano tu. Katika muda huo alisaidia kuvunja mazoea yaliyodumu karibu karne nzima, ya kwamba habari za ulimwengu zina koo moja. Hakuyavunja peke yake. Katiba ya 1992, vijana wa Radio Eye waliofungiwa, wasikilizaji waliopiga simu asubuhi, Waafrika waliomtangulia katika redio ya London, wote wana fungu lao.

Kwa wanafunzi na walimu wa idara zetu tunapendekeza mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kukusanya sauti za watangazaji wa Kiswahili wa Kongo, wa redio na wa televisheni, kabla kanda za zamani hazijaharibika katika maghala yenye joto na unyevu. Bila sauti hizo hatutaweza kuandika historia ya usemi wetu wa hadharani. La pili ni kuwahoji wenyewe wangali hai, tuwaulize walifundishwa na nani kuongea, walikatazwa nini, na ni lini mara ya kwanza walithubutu kusoma habari kwa sauti waliyozaliwa nayo. Wengi wao wamezeeka. Dumor alikufa na miaka 41, na sauti yake imehifadhiwa vizuri kwa kuwa alifanya kazi katika nyumba yenye desturi ya kuhifadhi. Sauti za kwetu zinatungoja sisi.